Kilo Zangu Mbele ya Wakwe

"Mia na kumi na moja!"

Kijana mwenye kizibao cha njano hakuona sababu ya kunong'ona. Rubani alikuwa upande wa pili wa ndege, upepo wa ziwa ulikuwa unavuma pale uwanja wa Mwanza, na namba ilitakiwa imfikie. Ikamfikia. Ikawafikia pia watoto, mashemeji, wapakia mizigo wa ndege ya jirani, na mama mkwe wangu, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akisubiri zamu yake ya kupanda mizani. Mama mkwe akainamisha macho. Kati ya mkwilima na mama mkwe wake kuna mambo ambayo Wasukuma hatuyataji, na kilo zimo. Miaka yote ya ndoa yangu nimekula kwake kwa adabu: kidonge kidogo cha ugali, kipande kimoja cha samaki, "nimeshiba, mama, asante sana." Sasa namba ilikuwa hewani, na kila mtu alikuwa anapiga hesabu zake.

Niseme mapema kwamba ile mia na kumi na moja haikuwa yangu yote. Walitutangazia kwamba kila abiria anaruhusiwa begi moja la kilo 15, tena liwe laini, lisilo na magurudumu wala fremu, kwa sababu linasukumizwa kwenye kasha la mizigo lililo chini ya tumbo la ndege. Begi langu lilifika kilo 19. Mtu mwenye akili anafanyaje? Kilo nne za ziada anazivaa. Nilikuwa na mashati mawili, sweta, na koti la mvua lenye mifuko minane, na ndani ya mifuko hiyo mlikuwa na chaja, betri ya akiba, darubini, na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ambao mama mkwe mwenyewe alinipa tukitoka nyumbani. Kwenye ndege kubwa mbinu hii inafanya kazi vizuri kabisa. Hapa walimpima mtu na begi lake, na nguo zake, na matobolwa yake, vyote kwa pamoja. Nilijaribu kumweleza kijana. Akanijibu kwa heshima, "Mzee, ndege haijui kipi ni wewe na kipi ni viazi."

Safari haikuwa ya mfuko wangu. Mjomba wa mke wangu ana duara, yaani shimo la dhahabu, Nyarugusu, na baada ya miaka ya kutoa mawe matupu, mwaka huu duara lilitema. Mtu wa kawaida akipata hununua gari, au karasha la pili la kusagia mawe. Mjomba alisema amezaliwa Kanda ya Ziwa, amezeeka Kanda ya Ziwa, na watalii wanatoka Ujerumani kuja kuitazama Serengeti iliyo mlangoni pake, na yeye hajawahi kumwona simba. Akakodi ndege nzima, Mwanza hadi Seronera, kwa ajili ya sikukuu ya ukoo.

Ndege yenyewe ilikuwa Cessna Caravan, na mimi ndiye niliyekuwa mjuzi wa familia. Kwa muda mrefu kabla ya safari nilikuwa nawapa darasa. Bawa la Caravan liko juu ya madirisha, kwa hiyo karibu kila aliyekaa dirishani anaona chini. Kwa kawaida upande mmoja viti vimepangwa kimoja kimoja, na upande wa pili viwili viwili. Asiyependa jirani achague kule kwa kimoja. Magurudumu hayakunjwi, yanakaa nje safari nzima, msiogope. Injini ni moja, ya kampuni ya Pratt & Whitney Canada, inaendeshwa kwa mafuta yaleyale ya ndege za jeti, na imejijengea sifa dunia nzima. Na kiti bora kuliko vyote ni kile cha kulia kwa rubani, ambacho ndege ikiwa na rubani mmoja huweza kupewa abiria. Hicho nilijitengea. Nilishamwambia mke wangu, mke wangu akawaambia dada zake, ukoo mzima ukajua kwamba mkwilima atakaa mbele.

Kumbe Caravan haina kuchagua kiti. Unachaguliwa, na anayekuchagulia ni hesabu.

Hesabu yenyewe ni tamu, nikubalieni niieleze. Caravan hairuhusiwi kuondoka ardhini ikizidi tani 4 hivi, vikijumlishwa vyote. Bodi yake tupu, na viti vyake, imeshakula zaidi ya tani 2. Matangi, ambayo yamo ndani ya mabawa, yakijazwa hadi juu yanakula karibu tani nyingine nzima. Kinachobaki kwa rubani, abiria na mabegi ni kilo mia kadhaa tu. Ndiyo maana ndege yenye viti kumi na kitu haiwezi kujaza mafuta yote na watu wote siku hiyohiyo: ukitaka kwenda mbali unapunguza watu, ukitaka watu wengi unapunguza mafuta na kutua njiani kuongeza.

Hiyo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni mahali uzito unapokaa. Aliyewahi kubeba mkaa kwa baiskeli kuingia Shinyanga mjini hahitaji somo hili: gunia likisogea nyuma kidogo tu, usukani unakuwa mwepesi, gurudumu la mbele linaanza kunyanyuka, na unaelekea usikokusudia. Kilo 80 karibu na bawa hazina neno. Kilo zilezile kwenye kiti cha mwisho zinavuta mkia chini, pua inapanda, na ikipanda kupita kiasi bawa linaacha kubeba. Rubani ana jedwali, na kila safu ya viti ina namba yake ya kuzidishwa na kilo za aliyekaa pale. Anajumlisha, anagawa, anapata kitovu cha uzito, na kitovu hicho kikitoka nje ya mipaka iliyochorwa, watu wanahamishwa hadi kirudi ndani.

Tena si ushirikina wa ndege ndogo. Januari 8, 2003, huko Charlotte, Marekani, Beechcraft 1900 ya viti 19 iliruka ikiwa imezidi uzito, tena uzito wenyewe umeelemea nyuma, na juu ya hapo mafundi walikuwa wameufunga vibaya mtambo wa kuongoza mkia. Pua ilipanda, rubani hakuweza kuishusha, wakafa wote 21. Abiria hawakuwa wamepimwa. Walikuwa wamekadiriwa kwa wastani, na wastani ulikuwa wa zamani. Watu walikuwa wamenenepa, jedwali limebaki jembamba. Baada ya hapo mamlaka ya anga ya Marekani ikaupandisha wastani. Na mwaka 2013 kampuni ndogo ya Samoa Air, kule visiwani Pasifiki, iliacha kabisa kuuza viti ikaanza kuuza kilo: ulipanda mizani na begi lako, ukalipa kwa uzito. Wengi duniani walicheka. Mimi sicheki tena.

Turudi Mwanza. Zamu ya mama mkwe ilipofika, mke wangu alimsogelea yule kijana akamwambia neno sikioni. Mama akapanda. Kijana akatazama namba, akatembea mwenyewe hadi kwa rubani, akamwonyesha karatasi. Kimya kimya! Kumbe uwezo wa kunong'ona anao, ni mimi tu niliyekosa wa kunisemea.

Rubani alikuwa binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Akazidisha, akajumlisha, akakuna kichwa kwa kalamu, kisha akaanza kuita. Mama mkwe kiti cha kulia kwake, mbele kabisa, penye kioo kikubwa na saa zote za vipimo. Watoto nyuma. Mjomba, ambaye miaka ya kuingia duarani imemfanya mwembamba kama mambo yake ya zamani, akapelekwa kiti cha mwisho kabisa, yeye aliyelipia ndege nzima. Halafu akanigeukia mimi.

"Baba, wewe njoo hapa nyuma yangu, ili mkia usishuke."

Nilisikia shemeji mmoja akikohoa kikohozi kisicho cha mafua.

Mlango wa abiria uko nyuma, kwa hiyo ilinibidi nipite ndege nzima nimeinama, koti la mifuko minane likimgusa kila mtu begani. Chini ya mkia walikuwa wamesimika mguu wa chuma, ili watu wakiwa wanaingia kwa nyuma ndege isije ikakalia mkia. Nilipokwisha kukaa, kijana akauchomoa ule mguu, akautazama mkia, halafu akanitazama mimi dirishani, akatikisa kichwa kwamba sawa. Dirisha langu lilikuwa na mhimili wa bawa, gurudumu, na kati yake kipande cha Tanzania.

Mama mkwe aliona tembo wa kwanza. Mtoto wa shemeji alitapikia kofia yangu. Kurudi tulipimwa upya, na namba hiyo sitaitaja.

Tangu hapo naziheshimu ndege kubwa, ambako kilo zako ni siri kati yako na wastani. Lakini nazo zijue. Airbus A220 ya Air Tanzania (ATCL) ina viti 132, na daraja la kawaida limepangwa viwili kushoto, vitatu kulia, kwa hiyo ukikaa kushoto huwezi kubanwa katikati. Q400 ina viti 76, na ukipata dirisha lililo chini ya bawa unayaona magurudumu yakitoka kwenye tumbo la injini kabla ya kutua, sinema ya bure. Kwenye ATR niliwahi kukimbilia safu ya mbele ili nishuke wa kwanza. Mlango wa abiria wa ATR uko nyuma, nikashuka wa mwisho. Hilo la mlango sisi wa ziwani hatulifanyii utani. Novemba 6, 2022, ATR ilipoangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba, pua ndiyo iliyozama. Kati ya watu 43 walikufa 19, na wavuvi na mitumbwi yao ndio waliotangulia kufika. Ukiingia kwenye ndege, kabla ya kutafuta dirisha, tafuta mlango.

Lakini bado nina neno na mizani, na sasa sicheki.

Watu wa huku tumelelewa na mizani. Babu yangu alilima pamba Kishapu, na alichokuwa anajua kuhusu mizani ni kwamba gunia huwa zito nyumbani na jepesi kwa mnunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walichoka kupunjwa wakataka wapimaji wao wenyewe, na kutokana na madai hayo ya kilo, si ya bendera, likakua lile shirikisho kubwa la ushirika la Victoria la mwaka 1955, chini ya Paul Bomani. Ushirika ukaja, uhuru ukaja, na lawama za mizani zikabaki palepale. Upande wa Geita ni gramu na pointi za dhahabu: mchimbaji anatoka shimoni na kipande chake, anakiweka kwenye mizani ya mtu mwingine, mwenye mizani akipumua tu pointi inapotea. Ilikuwa Machi 2019 ndipo Geita ilipopata soko la madini, ili kipande kipimwe mbele ya serikali. Na mwaka 2017 nchi nzima ilibishana juu ya makontena 277 ya makinikia yaliyozuiwa Dar es Salaam, mchanga wa migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, kamati ikisema mna hiki ndani, mwekezaji akisema mna kile. Tani kwa tani za ardhi ya Kahama, na hatukuweza kukubaliana juu ya namba moja.

Halafu naletewa mizani isiyopunguza hata nusu kilo, na inaletwa siku ninayopimwa mimi.

Nimeifikiria sana sababu yake, na naona ni moja. Kabla hatujaingia ndegeni, yule binti rubani naye alipanda mizani, akaandika kilo zake kwenye karatasi ileile. Akidanganya, anaanguka na sisi. Karani wa pamba haruki na pamba yangu. Mnunuzi wa dhahabu akikosea pointi mbili, anaenda kulala. Anayekesha ni mwenye duara. Tatizo la mizani zetu kamwe halikuwa chuma wala betri. Ni kwamba anayesoma namba yuko salama nayo, iwe ya kweli au ya uongo.

Kwa hiyo naomba. Msimu wa pamba ukifunguliwa, wenye ndege watuazime ile mizani, iletwe Kishapu hata kwa wiki moja, pamoja na kijana mwenye kizibao cha njano, na apaze sauti vilevile, kila gunia, wilaya nzima isikie. Nauli ya mizani tutalipa sisi wakulima. Kwa kilo, kama Samoa.