Mzee wa Kofia

Wanakijiwe wa Rangi Tatu,

Yule mliyemzoea akipanda bodaboda kwenda kununua vocha mtaa wa pili, huku Berlin amekuwa mkimbiaji wa mbio ndefu. Msicheke kwanza, kahawa itawapalia.

Chanzo ni Simbu. Ile Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu alipomaliza marathoni ya Tokyo bega kwa bega na Mjerumani, Amanal Petros, wote kwa saa 2:09:48, picha ikaonyesha wametenganishwa na sekunde 0.03, Simbu mbele. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, na asubuhi hiyo hiyo kazini wakapanga foleni kunipa mkono. Mimi! Nikapokea, maana pongezi haitemwi. Wiki haijaisha, nikawa mwanachama wa kikundi cha kukimbia cha mtaani kwetu.

Sasa sikieni ya Jumapili. Alfajiri, giza bado, barabara nyeupe, gari hakuna, hata paka hakuna. Tumefika njia panda, kundi zima likafunga breki. Kumbe kwenye taa ya waenda kwa miguu kuna kijizee chekundu, kofia kichwani, mikono kimeitanua kuziba njia. Kijizee hicho si cha mchezo. Kilibuniwa mwaka 1961 na Karl Peglau, mwanasaikolojia wa mambo ya barabarani wa Berlin Mashariki, na Ujerumani mbili zilipoungana, wakubwa walipotaka kukistaafisha, wananchi wakakataa katakata. Leo kinauzwa hata kwenye vikombe. Ukivuka kikiwa chekundu faini ni euro 5, ila kinachowashika hawa si faini, ni watoto: mtu mzima hapaswi kuwafundisha watoto tabia mbaya. Nikauliza, watoto gani, saa kumi na moja na nusu hii? Wakanitazama kwa huruma.

Basi tukasimama hapo tukikimbia papo kwa papo, magoti juu, mvuke unatutoka mdomoni, watu wazima wenye shahada zao wakimsubiri mzee wa kofia abadilike rangi. Nikakumbuka jogging zetu za Jumapili: kijana wa bendera nyekundu yuko mbele, daladala zinalala pembeni, konda anatukana huku anacheka, ngoma nyuma, na Barabara ya Kilwa yote yetu. Ikanipanda. Nikaanzisha wimbo wa mchakamchaka kwa sauti ya shule ya msingi.

Mwitikiaji hakuna. Ghorofa ya tatu dirisha likafunguka, maana huku Jumapili ni siku ya utulivu, na imo kwenye sheria. Bahati nzuri kijizee kikageuka kijani, na siku hiyo ndiyo niliyoongoza kundi.

Mtaniuliza, faida ya kukimbia huku nini? Jirani yangu wa mlango wa pili tukiwa kwenye lifti yeye anaangalia vitufe, mimi naangalia viatu. Asubuhi nzima inaweza kupita hujaulizwa hata umeamkaje. Lakini mbioni watu wasiojuana wanasalimiana! Halafu ikifika kama kilomita ya kumi na mbili ndimi zinalegea. Mhasibu mmoja, mtu wa kununa kuliko wote, ananisimulia goti la mama yake, mara talaka yake, mara kinanda alichokiuza na mpaka leo kinamuuma. Hakuna anayemtazama mwenzake, wote macho mbele. Ni kijiwe chenye miguu, wanangu, kasoro kashata.

Nikiwa peke yangu kando ya mto Spree, nahesabu kwa vituo vyetu: Zakhem, Mtongani, Kwa Aziz Ali. Nikikaribia Bendera Tatu pumzi zimekata. Juzi nimesema "shusha!" kwa sauti, mama mmoja na mbwa wake wakanipisha njia.

Nimejiandikisha nusu marathoni, ni kama kwenda Kariakoo na kurudi bila kugusa nauli. Ada nimeshalipa na hairudishwi, kwa hiyo nitakimbia. Mama akiona picha akasema nimekonda, mwambieni ni mazoezi, si njaa. Bei ya viatu nitamwambia mmoja wenu tu, na mnajua si yule mzee wa bao, maana hiyo habari italala kwa mama kabla ya magharibi.