Barua ya Wazi kwa Huduma Iliyogundua Nchi Isiyo na Hali ya Hewa

Kwa Huduma ya Kuwapanga Wanafunzi wa Vyuo Vikuu na Vyuo vya Kati nchini Kenya, inayofahamika zaidi kwa herufi zake, KUCCPS.

Huduma inastahili pongezi za dhati kutoka Kitengela na Kajiado nzima, kwa kuwa tangu ilipoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, imefaulu kusimamia uchaguzi wa vyuo katika nchi ambayo, kwa mujibu wa tovuti yake, haina baridi wala joto, haina vumbi wala matope. Mwombaji anayeifungua tovuti hiyo huonyeshwa jina la kozi, gharama ya masomo na alama za kundi, yaani alama zinazokokotolewa kutokana na masomo yanayohusiana na kozi hiyo na ambazo kilele chake ni 48. Kisha huachwa aamini kwamba Lodwar, ambako joto la mchana hufika nyuzi 35 mara kwa mara, na Nyahururu, iliyo zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ni vyumba viwili vya nyumba moja.

Dosari ya mpango huu mzuri ni kwamba waombaji wana desturi mbaya ya kuishi mahali fulani. Katika saiba za Kitengela, yaani maduka ya intaneti, msimu wa maombi unapofika, kijana husimama nyuma ya kiti, mzazi yuko kwenye simu, na kabla kozi haijatajwa huulizwa kwanza kama huko kunakopendekezwa kuna maji, nauli ni ngapi na kama blanketi moja litatosha. Maswali hayo si ya uvivu. Aliyelelewa kwa maji ya kisima yenye chumvi na mitungi ya lita 20 inayoletwa kwa mkokoteni, tena juu ya ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa magurudumu masika, anajua kwamba mazingira hutoza karo yake pembeni, na kwamba karo hiyo haina risiti.

Mahali napo pana hila zake. Chuo Kikuu cha Africa Nazarene kiko Ongata Rongai, ndani ya kaunti hii hii ya Kajiado, na anayekitazama kwenye ramani akiwa Kitengela huenda akadhani ni jirani wa kuazimana chumvi. Lakini katikati zimelala nyanda ambazo nyumbu, pundamilia na simba wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, huzihesabu kuwa zao, na kwa kawaida abiria wa matatu huzunguka kwanza hadi jijini. Kuhusu Chuo Kikuu cha Garissa, wazazi wengi hulisema jina hilo kwa sauti ya chini, kwa sababu shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 chuoni humo liliua watu 148, wengi wao wanafunzi. Hapo hakuna cha kukejeli, isipokuwa labda tovuti inayoorodhesha chuo hicho bila neno lolote kuhusu ulinzi wake wa leo, neno ambalo lingekisaidia chuo chenyewe.

Hata hivyo, ustadi mkubwa zaidi wa mpango huu uko katika kalenda. Katika sehemu kubwa ya Kajiado, ambayo ni nchi nusu kame, yaani yenye mvua chache zisizotabirika, karo ya chuo hutembea kwa miguu minne. Kiangazi kirefu huanza Juni na kuendelea hadi vuli iingie Oktoba, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kawaida huripoti Agosti au Septemba. Kwa maneno mengine, mfugaji hutakiwa kuuza ng'ombe katika mwezi ambao ng'ombe ana thamani ndogo kabisa. Katika mnada wa mifugo wa Bissil, humu humu Kajiado, dalali humzunguka mnyama, hupapasa nundu iliyolala, huzitazama mbavu ambazo hazihitaji kutafutwa, kisha hutaja bei ambayo ingekuwa matusi mwezi wa Mei. Na aliyekusudia kuuza mmoja huuza wawili. Misimu mitano mfululizo ya mvua iliposhindwa, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, kuna maboma ambayo hayakubaki na wa kuuza. Ng'ombe wenyewe, ikumbukwe, katika ukame wa miaka ya karibuni walijipanga bila fomu na kwenda kula nyasi za kando ya barabara za Nairobi.

Basi takwimu zinapoonyesha kwamba kijana fulani wa Kajiado alipendelea stashahada karibu na nyumbani kuliko shahada ya mbali aliyoifikia kwa alama, Huduma husema amechagua. Lakini wanaochagua kweli ni familia zilizobakiza ardhi: huuza ploti ya futi 50 kwa 100, na mtoto huenda anakotaka. Hali ya hewa huwabana zaidi wasio na ploti.

Kwa kuwa Huduma inapenda safu na tarakimu, inaombwa iongeze safu chache kando ya kila kozi: kiwango cha joto na baridi cha mji, hali ya maji, kodi ya chumba cha mwanafunzi, na nauli kutoka kila makao makuu ya kaunti. Inaombwa pia ikae na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu pamoja na vyuo, ili mwanafunzi kutoka kaunti kame aruhusiwe kuripoti Septemba na kukamilisha malipo ya muhula wa kwanza Januari, baada ya mvua za vuli, ng'ombe wakiwa wamepata nyama. Haya yote yanaweza kufanyika kabla tovuti haijafunguliwa kwa maombi ya mwaka ujao.