Shemeji, Nguzo Zako Tumeziona: Mahekalu Sita ya Kuanzia Mpanda

Shemeji karudi kutoka Ugiriki na tangu arudi hatupumui. Ukimwomba chumvi anakupa Parthenon. Simu yake imejaa nguzo: nguzo asubuhi, nguzo jioni, shemeji mwenyewe katikati ya nguzo, jicho moja limefumba kwa jua. Sisemi ni vibaya. Wagiriki walijenga wakajenga, na kuanzia Sicilia hadi Uturuki na Libya mawe yao bado yamesimama. Ila aliposema kwamba Katavi "hakuna cha kuona zaidi ya viboko", nikamwambia kaa hapo, nikachukua karatasi. Tunahesabu mahekalu yetu kutoka sita kushuka hadi moja. Kubisha ruksa.

6. Mgodi wa risasi, Mpanda

Anabisha tayari: "Huo si hekalu!" Kweli, lakini tuanzie kwako, shemeji. Kusini mwa Athens, penye rasi ya Sounion, lipo hekalu la Poseidon, mungu wa bahari, la karne ya 5 KK. Watalii hulipiga picha jua likizama, wakatafuta na jina la mshairi Byron lililochongwa kwenye nguzo, kama dawati la kidato cha pili. Wasichokitafuta ni Laurion, machimbo ya risasi na fedha yaliyo jirani. Mwaka 483 KK Themistokle aliwashawishi Waathene fedha ya Laurion iunde merikebu za vita, na miaka mitatu baadaye merikebu hizo zikawapiga Waajemi pale Salamis. Huo utukufu wote unaoupiga picha ulianza na watu waliokuwa shimoni.

Mpanda nayo ni mtoto wa shimo. Risasi, yenye fedha na dhahabu kidogo ndani yake, ndiyo iliyovuta reli kutoka Kaliua, zaidi ya kilomita 200 za miombo, ikafika mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Athens ilibaki na nguzo, sisi tukabaki na stesheni. Lakini niambie, merikebu ya Themistokle imekupakia mara ngapi?

5. Bwawa la viboko, Sitalike

Umewataja mwenyewe, basi wapate nafasi yao. Kiangazi mto Katuma ukipungua, viboko wa Hifadhi ya Katavi hurundikana kwenye madimbwi yaliyobaki, mgongo juu ya mgongo, wakikoroma na kugombana. Ibada ya mkesha haijawahi kujaa hivyo. Mamba nao hujichimbia kwenye mapango ya kingo za mto kusubiri mvua. Harufu? Ndiyo ubani wenyewe. Tuendelee.

4. Mlima Nkungwe

Huu uko nje ya mkoa, kwenye Hifadhi ya Milima ya Mahale upande wa Kigoma, lakini ukifika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika na kupata boti ya kwenda kaskazini ni jirani tu. Una mita 2,462. Olimpo wa Wagiriki una 2,917, kwa hiyo hapo umetuzidi, chukua pointi yako.

Ila angalia wakazi. Watongwe wanauheshimu Nkungwe kama mlima wa mizimu, na chini yake wanaishi sokwe ambao watafiti wa Kijapani wamewafuatilia tangu mwaka 1965. Olimpo walikaa miungu kumi na wawili wa ukoo mmoja, wakipinduana: Zeu alimwondoa baba yake Krono ili atawale. Mahale, Oktoba 2011, sokwe dume aliyekuwa kiongozi, jina lake Pimu, aliuawa na madume wenzake wa kundi lake. Tofauti ni kwamba mambo ya Zeu tumesimuliwa na ya Pimu yalishuhudiwa.

3. Maporomoko ya Kalambo

Unapita Sumbawanga, unapita Matai, unafika mpakani na Zambia ambako mto unajirusha zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Kwenye kuta za bonde lake huzaliana korongo aina ya marabu. Efeso, ambako hekalu la Artemi lilihesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia, leo imesimama nguzo moja ya kuungaunga, na juu yake korongo pia kajenga kiota. Kwa upande wa ndege tuko sare.

Kwa upande wa ujenzi hatuko sare hata kidogo. Juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, wanaakiolojia walifukua magogo mawili, moja limekatwa pengo ili lilale juu ya jingine, na mwaka 2023 wakatangaza umri wake: kama miaka 476,000. Ndiyo kazi ya kujenga kwa mbao kongwe kuliko zote zinazojulikana duniani. Parthenon haijafikisha hata 2,500. Fundi wa Kalambo alimaliza kazi kabla binadamu wa aina yetu hajatokea, na hakuna ushahidi kwamba alidai advansi.

2. Karema

Hapa shemeji ananyamaza kidogo, kwa sababu hapa pana kuta.

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold II, alijenga ngome ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 Wabelgiji wakaikabidhi kwa Mapadri Weupe, na ngome ikawa misheni. Usishangae jengo kubadili kazi: Parthenon ilikuwa hekalu la Athena, ikawa kanisa, ikawa msikiti, ikawa ghala la baruti, na mwaka 1687 Wavenisi wakailipua. Karema, namshukuru Mungu, iliishia kwenye sala.

Halafu ziwa likaondoka. Kizuizi cha mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo, kilikuwa kimevunjika miaka ile ile, maji yakaanza kushuka, na ngome ya ufukweni ikajikuta mbali na ufukwe. Efeso nayo ilikimbiwa na bahari baada ya bandari yake kujaa tope. Wao iliwachukua karne nyingi. Sisi, miaka michache tu.

Lakini kinachoipa Karema nafasi ya pili ni mtu. Adriano Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa udaktari Malta. Ndiyo, Malta ya Mediterania, yenye mahekalu ya mawe yaliyoyatangulia ya Wagiriki kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Angeweza kubaki kule na kula samaki. Mwaka 1889 akaja Karema kama daktari na katekista, na hakuondoka tena hadi alipofariki mwaka 1956. Watu wa ziwani waliletwa kwake na homa, vidonda na uzazi mgumu. Shemeji, wewe umekaa Mediterania wiki mbili ukarudi na sumaku ya friji.

1. Mkwaju wa Katabi

Karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi, upo mkwaju. Hauna nguzo wala ngazi. Ndani yake, kwa imani ya wenyeji, anakaa mzimu wa Katabi, mwindaji mashuhuri wa simulizi za Wabende, na jina lake ndilo lililobebwa na hifadhi iliyotangazwa mwaka 1974 na ambayo leo ina kilomita za mraba 4,471. Chini ya mti huo watu bado huacha sadaka kuomba baraka.

"Mti tu?" Nilijua utauliza. Nenda Dodona, kaskazini magharibi mwa Ugiriki yako hiyo hiyo. Herodoto anasema huko ndiko kulikokuwa na sauti ya miungu kongwe kuliko zote kwa Wagiriki, na ilikuwa inatoka kwenye mti: mwaloni wa Zeu (siyo ule Mwaloni wa samaki wa Kirumba). Makuhani walisikiliza majani yakitikisika, na Homer anasema walilala chini na hawakunawa miguu. Kwa karne nyingi hawakuona haja ya kujenga. Hekalu dogo lililetwa karne ya 4 KK likawekwa kando ya mti. Hata kwenye mahekalu makubwa, kondoo alichinjwa nje, penye madhabahu. Ndani lilikaa sanamu la mungu.

Mwaloni wa Dodona ulikatwa mwishoni mwa karne ya 4 BK, Ukristo uliposhika dola. Leo Parthenon unaacha pesa ya tiketi, basi. Athena haletewi hata kuku. Katabi bado anapokea.

Ukija, lipa kiingilio TANAPA na uchukue risiti; sadaka ya Katabi haina EFD. Na hilo shati lako la bluu la Santorini liache Mpanda. Mbung'o wa Katavi wanapenda bluu na nyeusi kupita kiasi, na wao hawajali umetembea nchi ngapi.