Bunduki ya Bei Chee

Nani aliyewadanganya hawa watu kwamba kioo ni mlango? Nyumba tunayopanga hapa pembezoni mwa Houston ina mlango wa nyuma wa kioo kitupu, chini hadi juu, unaotelezeshwa kwa kidole kimoja. Madirisha yako usawa wa kiuno. Grili hakuna, nondo hakuna, ukuta wa mbele hakuna, geti ndiyo kabisa. Majani yanaanzia barabarani na kuishia dirishani kwangu. Mtu aliyekulia Tabata, ambako hata banda la kuku lina kufuli mbili, analalaje hapo?

Wenyeji wanalala, tena wanakoroma. Ukiwauliza siri ya usingizi wao wanakuambia iko kabatini.

Mzee jirani, mstaafu, mtu mwema asiye na makuu, alinisikiliza nikilalamika kuhusu vijana wanaopita usiku wakijaribu vitasa vya magari ya watu. Hakusema pole. Alisema, "Unahitaji shotigani," kwa sauti ile ile ambayo bibi yangu angeniambia nichemshe tangawizi. Kisha akaongeza kwamba si lazima niingie gharama, ziko za bei nafuu. Hapo ndipo aliponipata. Mimi silaha sizitaki, lakini bei chee siwezi kuiacha ipite bila kwenda kuiangalia.

Dukani kwenyewe ni palepale panapouzwa mahema, viatu vya mvua na chambo cha samaki. Bunduki zimepangwa ukutani nyuma ya kaunta, kila moja ina kikaratasi cha bei kinachoning'inia kwenye mtutu. Kijana wa kaunta akaniuliza bajeti. Nikamwambia ya chini. Hakushangaa, akashusha Maverick 88. Dola 250 hivi, akasema, na hii ni ya kampuni ya Mossberg, ndugu yake yule Mossberg 500 aliyeanza kuuzwa mwaka 1961, ila huyu wamempunguzia madoido. Sefti ya Mossberg 500 iko juu, unaisukuma kwa dole gumba. Ya Maverick ni kitufe karibu na kifyatulio. Inaunganishwa Eagle Pass, hapahapa Texas, mji ule unaouona kwenye taarifa za habari kila mpaka wa Meksiko unapotajwa. Na huyo Mossberg mwenyewe, aliyeanzisha kampuni mwaka 1919, alikuwa mhamiaji kutoka Uswidi. Kijana alinieleza hayo akiniangalia usoni, nadhani akitaka nijisikie nyumbani.

Pembeni ilikuwepo Remington 870, ya tangu miaka ya 1950, ambayo wazee wa hapa wanaitaja kwa heshima ya marehemu. Kampuni iliyoitengeneza iliomba kinga ya ufilisi mwaka 2018, ikaomba tena 2020. Mimi kitu kilichomfilisi fundi wake mara mbili nakiogopa hata kikiwa kiti. Chini kabisa ya rafu zilikuwepo za Kituruki, bei chini zaidi. Kijana alizipita haraka haraka.

Kisha likaja suala la geji. Nilidhani namba ikiwa kubwa na mtutu ni mkubwa. Thubutu! Geji 20 ni ndogo kuliko geji 12. Sababu ni hii: chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja kifinyange kiwe gololi. Upana wa gololi moja ndio upana wa mtutu wa geji 12. Ukigawa vipande 20, gololi zinakuwa ndogo, basi na mtutu unakuwa mwembamba. Nikaanza kuielewa hesabu hiyo, na hata kuipenda, mara kijana akaleta nyingine inayoitwa 410. Nikauliza ratili moja inatoka gololi 410? Hapana, hiyo ni inchi, pointi 410. Watu hawa hawa ndio wanaotucheka kwa kuhesabu saa kuanzia alfajiri.

Makaratasi ndiyo yaliyonichosha kwa wepesi wake. Kwetu ukitaka kumiliki bunduki unazunguka na barua ofisi hadi ofisi mpaka hasira iliyokufanya uitake inapoa, na huenda hiyo ndiyo faida yake. Hapa kuna fomu, inaitwa 4473. Inauliza kama wewe ni mtoro wa sheria, kama umewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mwenza wako, kama unatumia bangi. Na kwenye bangi inakukumbusha kwamba hata jimbo lako likiiruhusu, serikali kuu haijairuhusu. Mwenye kadi ya kijani, kama mimi, anaruhusiwa kununua, ila aandike namba yake ya uhamiaji. Mwenye viza ya muda, wakiwemo wanafunzi, haruhusiwi, isipokuwa awe na leseni ya kuwinda. Kwa hiyo mpwa wangu anayesoma chuo hapa akitaka kujikinga na wezi, sharti kwanza atangaze ugomvi na bata. Taarifa zako zinapelekwa kwenye mfumo wa FBI uliopo tangu 1998, na majibu mara nyingi hurudi kabla hujamaliza kuangalia bei ya mahema. Kadi ya maktaba ilinisumbua zaidi.

Sikununua siku hiyo. Nilisema nitarudi, neno ambalo wauza duka wote duniani wanajua maana yake.

Nyumbani nikakutana na kamati ya ulinzi na usalama, yaani mama watoto.

"Itakaa wapi?" akauliza.

Nikamwambia kwenye sefu. Sheria ya Texas inakufanya mkosaji ukiiacha na risasi ndani, mtoto akaifikia, na tangazo la onyo hilo limebandikwa pale pale dukani. Bei ya sefu nzuri? Inazidi ya bunduki. Akaandika. Risasi? Zinauzwa kando. Mafunzo ya kulenga? Nayo yanalipiwa. Vizibo vya masikio? Muhimu, maana mlio wake unapita desibeli 150, na ndani ya chumba masikio hayasamehe. Akaandika na hiyo. Kufikia hapo Maverick ya dola 250 haikufika hata nusu ya jumla kwenye karatasi.

"Sasa mwizi akiingia," akasema, "wewe uamke, utafute miwani, ubonyeze namba za sefu, uzikosee, uzibonyeze tena, utoe bunduki, uweke risasi, uvae vizibo vya masikio. Yeye muda wote huo tumpe chai?"

Nikajitetea kwa hoja ya mzee jirani, kwamba hata risasi haihitajiki. Ukiikoki tu, ule mlio wa kraa-kraa unamfanya mwizi yeyote akimbie bila viatu. Wanaume wa mtaa huu wote wanaiamini habari hiyo, na wote wanaigiza mlio kwa mdomo, vizuri kweli. Sijampata hata mmoja aliyewahi kumkokia mwizi. Mama watoto akasema kama ni mlio tu, utakuwepo kwenye simu, tuupakue.

Na ushauri wa wakubwa nao usiufuate kichwa kichwa. Februari 2013 Joe Biden, akiwa makamu wa rais, alieleza hadharani kwamba amemwambia mkewe akisikia tatizo atoke roshani na bunduki ya mitutu miwili apige mara mbili. Mwaka huo huo mtu mmoja jimbo la Washington akafyatua hewani kufukuza watu aliodhani wanachezea magari yake, akafunguliwa mashtaka. Alimtaja Biden kama mshauri wake. Biden hakufika kumtetea.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni ukuta. Gonga ukuta wa nyumba hii kwa ngumi, unasikia ngoma. Ni bodi mbili za jipsamu, katikati kuna uwazi na vipande vya mbao, basi. Pini ya kutundikia kalenda niliisukuma kwa dole gumba ikazama yote. Wanangu wakigombana chumbani kwao, mimi nikiwa kitandani kwangu najua nani kaanza. Sasa risasi moja ya marisau makubwa, yale ya kuwindia kulungu, mara nyingi ina marisau 8 au 9, kila moja karibu milimita 8 na nusu kwa upana. Yakimkosa mwizi yanatoboa ukuta huo, na wa pili, na hayakuulizi chumba kinachofuata kina nani. Nikauliza kuhusu marisau madogo ya ndege. Hayo hupenya kidogo zaidi, wakaniambia, na kwa sababu hiyo hiyo hayaaminiki kumsimamisha mtu. Yaani chaguo ni bunduki inayomfikia mtoto au bunduki inayomkera mwizi. Kwetu Tabata ukuta ni tofali la inchi sita lililopigwa plasta pande zote mbili, na hapo bado tunaweka nondo.

Nikampigia mwenye nyumba kuomba niweke grili, kwa fedha yangu. Akakataa, kwa upole kabisa. Grili zinaharibu sura ya nyumba, akasema, watu watadhani eneo hili lina wezi. Nikamwambia lina wezi. Akasema ndiyo, lakini wasidhani. Nikamuuliza, na bunduki je? Akacheka, akasema hiyo ni haki yangu. Na kweli ni haki yangu: tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inamzuia mwenye nyumba kumkatalia mpangaji bunduki halali kwenye mkataba. Grili haina mtetezi bungeni.

Ila nilipokuwa nachimba sheria za wapangaji kwa hasira, nikakuta jambo ambalo hakuna mtu mtaani aliyenidokeza, pamoja na ushauri wote wa bure niliopewa. Mwenye nyumba Texas anatakiwa, kwa gharama yake na bila kuombwa, kuweka kwenye mlango wa nje komeo linalofungwa kutoka ndani bila ufunguo, na kitundu cha kuchungulia. Ule mlango wa kioo nao una haki zake: pini ya kuufungia, na juu yake lachi ya kitasa au fimbo ya kuukaza. Wetu hauna pini wala fimbo. Nimeandika barua. Majibu yakichelewa nitaandika nyingine, barua ni fani yangu. Wakati huo huo nimeng'oa viskrubu vya bati la kitasa cha mbele, ambavyo vilikuwa vifupi kuliko ukucha, nikapiga vya inchi 3 vinavyoingia hadi kwenye mbao ya nguzo. Dola chache, na chenji ilirudi. Mzee jirani alikuja kunishikia taa, akasifu kazi, kisha akauliza, "Na shotigani?"

Hata yeye ana nafuu. Shida ni shemeji yangu wa Tabata, ambaye nilimweleza haya yote kwa simu ili anionee huruma. Yeye alisikia neno moja tu.

"Shemeji, chuma umeshachukua?"

Nikamwambia sijachukua, nimebadili viskrubu.

Kimya. Kisha akasema kijiweni ameshawaambia watu kwamba shemeji yake wa Marekani ana shotigani mbili, na Jumapili wanataka kuona picha.

"Sina bunduki, shemeji."

"Sawa," akasema, "basi mwombe huyo mzee jirani akuazime ya kwake dakika mbili. Na ukipiga picha usisimame karibu na huo mlango wa kioo, watasema uko kwenye saluni."