Nani Atambeba Kamishna Melini?

Ndugu yangu mwenye watoto wadogo, wewe huhitaji maelezo marefu. Wasio nao wavumilie tu.

Nyumbani kwangu Makambako wako watatu, na umri wao nautaja kama ulivyokuwa mwishoni mwa 2021. Wa kwanza ni Wakili, miaka saba, na hakuna hukumu inayotolewa ndani ya nyumba yetu asiyoikatia rufaa. Wa pili ni Katapila, miaka minne, jina alilopewa na fundi seremala aliyeitwa kurekebisha kabati akakuta hakuna tena kabati la kurekebisha. Wa mwisho ni Kamishna, mwaka mmoja na nusu. Maneno alikuwa bado hana, ila akinyoosha kidole watu wazima walianza kukimbia. Mama yao ni mwalimu wa shule ya msingi, na sote tunamwita Mwenyekiti: kikao akikifungua yeye, anakifunga yeye, na muhtasari anabaki nao yeye.

Desemba ya 2021 Mwenyekiti akatangaza safari. Mdogo wake anaolewa Mbamba Bay, na tutakwenda kwa meli. Mimi nilikuwa nimeshapanga basi: Njombe, Songea, Mbinga, tumefika. Mpango wangu ukasikilizwa kwa heshima zote, kisha ukawekwa pembeni. Watoto hawa, akasema, wanaijua treni ya TAZARA kwa sababu inapita mjini kwao, wanajua parachichi na viazi, na wanajua baridi. Ziwa lililo ndani ya mkoa wao hawajaliona. Hapo sikuwa na la kujibu. Watu wakitaja Njombe wanataja chai na mbao, wanasahau kwamba wilaya ya Ludewa inashuka mpaka majini, na kwamba Lupingu na Manda ni bandari zetu za Ziwa Nyasa. Mwaka huo MV Mbeya II ilikuwa inabeba abiria 200 na mizigo tani 200. Kwenye maji hayohayo zipo pia MV Ruvuma na MV Njombe, za mizigo, tani 1,000 kila moja. Wakili aliposikia kuna meli inaitwa Njombe, akataka tupande hiyo. Ilichukua jioni nzima kumweleza kwamba ile haibebi watu, na alilala akiwa bado hajakubali.

Sasa ndipo likaja swali lenyewe. Dada yetu wa nyumbani alikuwa likizo, kwao Lupembe. Mwenyekiti hana mchezo na jambo hilo. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, na dada ni mfanyakazi, basi. Kwa hiyo melini na harusini, mama akiwa jikoni na mashangazi, baba akiwa kwenye kamati, watoto wataangaliwa na nani?

Tuna shemeji yetu yuko Dallas, Marekani, tunamwita Shemeji Huku-Kwetu kwa sababu kila sentensi yake inaanza hivyo. Akatuma ujumbe wa sauti mrefu. Huku kwetu, akasema, meli za matembezi zina chumba cha watoto na walezi waliosomea. Meli za Disney zinapokea kichanga kuanzia miezi sita hadi kufikia miaka mitatu, unalipa kwa saa. Wakubwa kidogo wana kumbi zao za michezo, na hizo hazina malipo ya ziada. Kwenye meli za Royal Caribbean mtoto wa miaka mitatu haingii kwenye klabu ya watoto kama bado anavaa pampasi. Mwenyekiti aliusikiliza ujumbe ule mara mbili. Kilichomgusa hakikuwa michezo, ni kile cha kulipa kwa saa. "Umesikia?" akaniambia. "Kumshika mtoto wa mtu saa nzima ni kazi yenye bei." Maneno hayo yakawa msimamo wa nyumba.

Ungedhani sisi wa Njombe hatuwezi kukosa mlezi. Nenda stendi ya Makambako asubuhi, pale barabara ya Songea inapokutana na ile ya Mbeya na Dar es Salaam, utawaona mabinti na mabegi yao wakisubiri basi. Dar mtu akitafuta dada wa kazi, anasema anataka wa Iringa au wa Njombe, eti ni wapole na wachapakazi. Miaka na miaka tumekuwa tukipeleka mabinti zetu kulea watoto wa wenzetu. Mwezi wa kumi na mbili wanarudi kwao, wamechoka, wanataka kukaa na mama zao, na hapo ndipo unapogundua kwamba mji mzima umejaa walezi na hakuna hata mmoja anayetaka kulea. Na wana haki.

Dalali mmoja akatuletea jina, na mkono mwingine ameshaunyoosha kupokea ada yake. Shangazi yake Mwenyekiti, ambaye hatuachi kumwita Shangazi Suluhisho, akapiga simu kutoka Ludewa: ana binti wa jirani, mtiifu, darasa la sita, atafurahi kuiona meli. Mwenyekiti akauliza umri. Kumi na miwili. Alisimama katikati ya sebule akamweleza shangazi yake taratibu, kwa sauti ile anayoitumia kwa wazazi wasiohudhuria vikao, kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kwamba mtoto wa darasa la sita akiletwa melini ataletwa kama mgeni, ale, acheze, na yeye ashikiwe mkono. Shangazi alinuna mpaka Mwaka Mpya. Mimi nilijivunia mke wangu siku hiyo, na ninajivunia mpaka leo.

Tukampata binti wa Uwemba, miaka ishirini na mbili, aliyerudi kutoka Dar. Alikaa kwenye kochi letu, akamweka Kamishna pajani bila kuombwa, kisha akataja masharti. Tiketi yake na kiti chake. Posho ya kila siku, pamoja na siku za njiani. Chakula anachokula mama, na yeye anakula. Usiku wa harusi, watoto wakishalala, yuko huru. Akaeleza kwa nini. Mwajiri wake wa zamani alimchukua safari ya Zanzibar, akakaa sakafuni na mtoto njia nzima, na mwisho wa mwezi akaambiwa mshahara umepungua kwa sababu ametembezwa. "Safari ile mama, mimi sikuiona," akasema. "Niliona pampasi." Katapila akambatiza papo hapo: Dada Masharti. Mwenyekiti akampa mkono. Nimewahi kuona vikao vya mikopo vilivyokwisha kwa utulivu mdogo kuliko huo.

Aliyepinga ni mama yangu, Bibi Sweta. Huyu anaishi Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwake kila ugonjwa, kuanzia mafua hadi kufeli hesabu, unatokana na kifua kupigwa baridi. Tulipopita kumsalimia, "Kamwene, kamwene," akatupokea akiwa na begi limeshafungwa. Posho kwa mlezi hakuielewa. Enzi zake mtoto alibebwa na dada yake, na dada yake akibebwa na bibi. Kwa hiyo anakuja yeye, bure. Mwenyekiti akasema karibu mama, ila Dada Masharti pia anakuja. Ndiyo tukawa watu saba kwenye kosta ya Ludewa, watoto wakiwa na sweta mbilimbili.

Ile barabara ya Itoni, Ludewa hadi Manda sitaisimulia yote. Kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kimejengwa kwa zege tupu badala ya lami, na ni kizuri sana. Wakili aliuliza kwa nini zege, nikamwambia ni mvua, milima na malori mazito, akauliza kwa nini basi Makambako hakuna mvua ya kupewa zege. Kutoka Ludewa kushuka Lupingu mlima unaporomoka hasa, na Katapila alitapika juu ya sweta zote mbili. Kila kona joto linapanda, maana ziwa liko kama mita 500 tu. Bibi akakataa mtu kuvua nguo. Upepo wa ziwani, akasema, unaingia kwa nyuma.

Meli ilipoonekana, kelele zote zilikatika. Kamishna alinyoosha kidole, na safari hii hakuna aliyekimbia. Sote tulikuwa tunatazama alikokuwa anatazama yeye.

Tulipanda, tukavishwa maboya, tukaketi, na Dada Masharti kwenye kiti chake. Kitu ambacho mkataba wetu mzuri haukukifikiria ni kwamba binti wa Uwemba, aliyelea watoto jijini, hawezi mawimbi. Milima ya Livingstone haijasogea bado, yeye amekwisha: kichwa ubavuni mwa meli, macho yamefumba. Mwenyekiti akaanza kumhudumia mlezi, maji, limau, kitambaa. Bibi Sweta, aliyejitolea bure, alikuwa amelala fofofo na sweta la Kamishna mkononi. Nikabaki mimi na watatu, nawe unajua hesabu hiyo: mikono ya baba ni miwili.

Kamishna hakunisumbua muda mrefu. Mama mmoja wa Kikisi aliyepandia juu huko, anapeleka vyungu vyake kuuza, alimtazama akilia, akanitazama mimi, akasema "Lete." Akamfunga mgongoni kwa kitenge na kuendelea na mazungumzo yake. Kamishna akanyamaza. Sikuulizwa jina, wala sikuombwa chochote, na mtoto alirudi kwangu amelala, amelishwa ndizi.

Wakili nilimtuliza kwa hadithi. Nilimweleza habari za Liuli, bandari iliyokuwa mbele yetu, Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Mwezi Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliikuta hapo meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kufanyiwa ukarabati, ikaipiga mizinga. Manahodha wawili hao, Rhoades na Berndt, walikuwa marafiki, na Mjerumani hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Alipiga makasia kwenda kumuuliza mwenzake kama amelewa. Wakili akanyamaza kidogo, akauliza kwa nini hakupewa taarifa ya maandishi. Tukiwa katikati ya shauri hilo, nikageuka. Katapila hayupo.

Sitaki kukueleza dakika zile. Mwenye mtoto anazijua, na zikiwa juu ya maji ni nyingine kabisa. Mwenyekiti hakupiga kelele. Alimwita mara moja tu, jina lake halisi, lile la ubatizo, na sauti yake sitaisahau. Mabaharia wakatawanyika, akina mama wakaanza kufunua vikapu vya usipa, vijana wakapanda kwenye mizigo. Aliyemwona ni Dada Masharti. Kichwa chake kilikuwa kimelala chini kuliko vyetu sote, na kutoka pale aliona kiatu kidogo kati ya magunia ya muhogo. Alitambaa, naam, alitambaa na kichefuchefu chake, akamtoa. Katapila alikuwa amelala, kichwa juu ya mbuzi wa mtu, boya lake limefungwa vizuri, sweta amevaa.

"Mnaona?" akasema Bibi Sweta, aliyeamka wakati huohuo. "Sweta."

Harusi ilikuwa nzuri. Dada Masharti alicheza usiku kucha kama mkataba ulivyosema, na Mwenyekiti ndiye aliyeamka na Kamishna alfajiri. Ubishi ukaja siku ya kurudi, wakati wa kulipana. Bibi aliona siku ile ya melini isihesabiwe, binti aliumwa, hakulea mtu. Mwenyekiti akamuuliza mama mkwe wake kwa adabu: mwalimu akiugua akiwa darasani, mshahara wa siku hiyo unakatwa? Bibi, aliyestaafu ualimu, akakohoa. Dada Masharti akalipwa siku zote, na Bibi mwenyewe akamwongezea sweta.

Nimeeleza haya yote kwa sababu Desemba itarudi, na magari yatajaa familia na wasichana wamebanwa nyuma na mizigo. Kima cha chini cha mshahara kwa dada anayelala kwa mwajiri kilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi kwa amri ya 2013, na amri iliyoanza Januari 2023 ikakifanya 60,000. Hiyo ni pesa ya kukaa nyumbani, haimlipi mtu kulea juu ya mawimbi na kutambaa kati ya magunia. Kwa hiyo ndugu yangu, ukisafiri na dada mkatie tiketi, mpe kiti, muhesabie siku za njiani. Na kama uko Njombe au Makambako na una safari ya mwisho wa mwaka, anza kuzungumza naye tangu mwezi wa tisa, muulize pia kama anaweza mawimbi.