Namna ya Kuandika Kitabu cha Tamthilia Usiyoimaliza

Kwanza subiri kifurushi kiishe. Hapa Kakonko jambo hilo halihitaji mipango: bei ya maharage ikishuka sokoni, king'amuzi nacho kinanyamaza. Usihangaike kukilipia. Aliyeitazama tamthilia hadi mwisho amefungwa na yaliyotokea. Wewe uliyekatikiwa mama mkwe akiwa ndiyo kwanza anafungua mdomo, uwanja wote ni wako.

Wakikucheka, wajibu kwa jina la James Blish. Huyu alianza mwaka 1967 kugeuza vipindi vya Star Trek kuwa hadithi za vitabuni, akitumia miswada, mara nyingine rasimu za awali kabisa, ndiyo maana baadhi ya hadithi zake hazilingani na kilichorushwa. Vitabu vikanunuliwa hivyohivyo. Mwaka 1970 akatoa Spock Must Die!, mkasa ambao televisheni haikuwahi kuuonyesha. Kwa hiyo kutotazama si upungufu, ni uzoefu wa kazi.

Sasa chagua mhusika. Wazuri wa sura waachie Dar es Salaam, wana wenyewe. Mimi nakushauri mama mkwe. Tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, iliporushwa TBC mwaka 2011, Wachina wakiongea Kiswahili, watu walimwonea huruma Doudou. Hata Rais Xi Jinping aliitaja tamthilia hiyo katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Lakini nani aliyewauliza wakwe? Waliolewaje? Wao nao walifanyiwa nini na wakwe zao? Na kwa bahati njema wako zaidi ya mmoja, hivyo una vitabu zaidi ya kimoja. Mmoja mwandikie shajara. Jennifer Lynch alifanya hivyo mwaka 1990 kwa Laura Palmer wa Twin Peaks, msichana ambaye tamthilia inaanza akiwa maiti. Kama marehemu alipata nafasi ya kuandika, mama mkwe mzima wa afya atashindwaje?

Uchina huijui, usijaribu kuieleza. Mlete mama mkwe huku. Ashuke basi la kutoka Nyakanazi, atazame ugali wa muhogo, aseme haukuiva. Sura tatu zimepatikana hapo. Joshua Amandus Mtani aliichora Titanic kuwa katuni ya Kiswahili baada ya filamu ya 1997, na sidhani kama kuna msomaji aliyemdai tiketi ya meli.

Suala la ruhusa ni zito. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na COSOTA wanaoisimamia wapo. Ukiona barua ya kwenda Uchina itachelewa, Doudou mwite Dorotea, mumewe mpe bodaboda, wakwe waongezee shamba la migomba lenye mgogoro wa mpaka. Hapo hukuiga mtu. Umekuwa mtunzi, na majirani watatu watakununia kwa kujitambua.

Kuchapa ni steshenari ya stendi, pini mbili pembeni. Uzia mlangoni mwa kibanda umiza, umeme ukikatika tu, wakati watu wanauliza ilikuwaje. Akijitokeza mjuaji aliyeona kipindi cha mwisho akasema mama mkwe hakufa, mwambie amefufuka juzuu ya pili, na uchukue malipo ya awali.