Kadi Mbili, Feni Nne

Jamani, msinicheke kwanza. Mcheke nikishamaliza.

Nina kistudio hapa Inyonga. Stesheneri mbele, studio nyuma, godoro langu katikati. Napiga video za harusi. Kupiga si shida. Shida kurenda, yaani kompyuta kuipika video mpaka iwe faili moja. Kompyuta inakokota kutwa nzima, umeme unayumba mwishoni, unaanza upya. Luku inakata. Wateja wanapiga simu. Nawaambia imebaki kidogo tu. Imebaki kidogo tangu Pasaka.

Kadi ya grafiki ninayo, msinidharau. GTX 1060, ya GB 6, mtumba, ilikuja kwa basi toka Kariakoo imeviringishwa kwenye fulana. Niliichomeka mwenyewe. Feni mbili zikazunguka, nikaita majirani waone. Mwendo ukabaki uleule, lakini nikasema hii inataka mwenzake. Plau haivutwi na ng'ombe mmoja. Nani angenibishia? Nikauza ndoo mbili za asali tulizoweka kwa ajili ya ada, nikaagiza ya pili.

Mama watoto akauliza, "Baba, kwani ile ya kwanza inafanya nini?"

Nikamjibu haya mambo ni ya kitaalamu.

Kadi ikafika. Sloti ya pili ipo, ndefu kama ya kwanza. Nikasukuma, nikajikata kidole. Sasa natafuta pa kuweka daraja, kile kibati cha juu kinachounganisha kadi mbili. Nilishakiona pichani. Mahali pake hapaonekani. Nageuza huku, nageuza kule, tochi ya simu mdomoni. Ikabidi nimpigie fundi wa Mpanda. Akanyamaza. Ule ukimya naujua, ndio ule wa nesi anayeshika faili lako halafu anamwita mwenzake.

"Mzee, 1060 haina daraja. Imetoka hivyo 2016. Zenye daraja ni 1070 na 1080."

Yaani nimekosea kwa kumi tu!

Akaendelea kunizika. Mambo ya madaraja Nvidia waliyaanza 2004, sasa yameisha. Kwa kadi za nyumbani za mwisho zilikuwa za ukoo wa RTX 3090. Nikamwuliza kinyonge, basi angalau 6 na 6 nimepata 12?

"Hupati, mzee. Kila kadi inabeba nakala yake ileile. Watu wawili kila mmoja na debe lake la maji, hakuna pipa hapo."

Akasema zipo programu za kurenda zinazotumia kadi mbili bila daraja lolote. Nikafurahi. Akaniuliza pawa saplai yangu wati ngapi. Nikapiga magoti, nikafuta vumbi kwenye stika. 240. Akacheka, tena kwa vocha yangu. Kila 1060 inakula 120. Mbili zimeshamaliza chungu, mashine yenyewe ile nini?

"Sloti inatoa 75 tu," akasema. "Zilizobaki zinapita kwenye waya wa pini sita. Huo waya umechomeka, si ndiyo?"

Waya gani?

Vocha ikakata. Mungu ana huruma.

Sasa mtoto wa dada yangu, kidato cha pili, kaja kuomba hela ya madaftari. Kachungulia nyuma ya mashine. "Mjomba, mbona waya wa kioo umeuchomeka kwenye madabodi?" Akaitoa ile kadi mpya, akauhamishia waya kwenye ile ya kwanza, akawasha. Maandishi yakatokea, kimombo kitupu: zima mashine, chomeka waya wa umeme wa kadi. Ujumbe umekuja kwa adabu zote. Umenisubiri miezi minane! Miezi minane kadi inapepea tu, na mimi naita majirani waje kutazama.

Kutafuta huo waya, pawa saplai yangu haina hata mmoja. Mtoto nikampa hela ya madaftari, na ya soda juu, asiseme nyumbani. Kafika nyumbani kasema.

Jana kaja bi harusi wa Pasaka, mtoto mgongoni. Anaulizia video yake. Nikawasha mashine, nikamfungulia mtoto ubavu wa boksi atazame feni. Alizipenda sana.